Kilichomo Ndani ya Jiwe

Sisi wakaaji wa Katanga ya kusini tunaishi juu ya mawe. Watoto wetu, kabla ya kujua kuandika majina yao, wanajua kusema: hili la kijani ni malakiti, lina shaba, hili jeusi kama makaa, zito mkononi, ni eterojeniti, lina kobalti. Lakini umwulize mtoto, umwulize hata baba yake aliyechimba miaka ishirini: "Umejuaje kama kobalti imo?" Atakujibu: "Mnunuzi amesema." Jibu hilo halinitoshi, na sidhani kama linamtosha yeye. Kwa hiyo nataka kusimulia hapa namna wenye elimu walivyopata njia ya kuliuliza jiwe lenyewe, nalo likajibu. Ni habari ndefu kidogo, na watu wa Kanisa wamo ndani yake tangu mwanzo.

Tuanze na jina. Neno kobalti limetoka Ujerumani. Zamani wachimbaji wa milima ya Saxony walikuwa wakipata mawe yanayofanana na mawe ya fedha. Waliyatia motoni, fedha haikutoka. Ulitoka moshi wa sumu uliowaumiza, kwa sababu mawe yale yalikuwa na arseniki. Wakasema: huyu ni kobold, yaani pepo mbaya wa mgodini, ameiba fedha yetu akatuachia takataka. Kumbe hakukuwa na pepo. Kama mwaka 1735 fundi mmoja wa kemia huko Uswidi, Georg Brandt, alionyesha kwamba ndani ya mawe ya namna ile kuna metali ambayo watu hawakuijua bado. Pepo akaondoka, jina likabaki. Napenda kuwasimulia hayo vijana wanaoniambia kwamba mgodi una wenyewe na kwamba ni lazima kumwaga kitu kabla ya kushuka. Wazungu nao walikuwa na mambo hayo hayo, tena si zamani sana.

Sasa, mtu atajuaje kilichomo ndani ya kitu kigumu, ambacho jicho haliingii? Wa kwanza ninayetaka kumtaja ni Mwenye Heri Niels Stensen, ambaye wengi wanamwita Steno. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1638 katika jamaa ya Kilutheri, akawa mganga mwenye sifa, mpasuaji wa miili, akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1667. Mwaka 1669, alipokuwa katika nchi ya Firenze, alitoa kitabu kidogo cha Kilatini. Kilatini changu cha seminari kimenisaidia kusoma kichwa chake: kinasema habari ya kitu kigumu kilichofungwa ndani ya kitu kigumu kingine. Humo Stensen alieleza juu ya zile kristali zinazong'aa kama kioo, ambazo hata kwetu watoto wanaziokota. Aliona kwamba kristali moja yaweza kuwa kubwa na nyingine ndogo, moja imenenepa upande mmoja na nyingine imekonda. Lakini ukipima pembe kati ya uso na uso, pembe ni ile ile siku zote. Mwaka 1675 alipewa upadri, mwaka 1677 akafanywa askofu, akafa maskini mwaka 1686 huko Schwerin, katika Ujerumani ya kaskazini. Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 23 Oktoba 1988.

Wa pili ni padri wa Ufaransa, René Just Haüy, mtoto wa mfumaji nguo, aliyezaliwa mwaka 1743. Husimuliwa kwamba alikuwa akitazama mawe nyumbani kwa rafiki, kristali ya kalsiti ikamponyoka ikavunjika. Mtu mwingine angaliomba radhi na kuokota vipande. Yeye alivitazama vipande. Akaona kila kimoja kina umbo lile lile, akakiponda tena, hata vidogo vikawa na umbo hilo. Akafikiri: basi jiwe hili limejengwa kwa matofali madogo sana yaliyo sawa, yamepangwa mstari kwa mstari kama ukuta wa kanisa. Mwaka 1792, wakati wa mapinduzi, alifungwa pamoja na mapadri wengine. Mwanafunzi wake Geoffroy Saint-Hilaire akahangaika mpaka akamtoa, siku chache tu kabla ya wafungwa wengi kuuawa mwezi wa Septemba. Padri Haüy aliishi mpaka mwaka 1822, akifundisha habari za mawe.

Hao wawili walikisia mambo ya ndani kwa kutazama nje. Walikisia vema. Lakini matofali yenyewe hawakuyaona, wala wasingaliweza, na sababu yake ni nuru yenyewe.

Nuru huenda kwa mawimbi. Urefu wa wimbi moja la nuru ya mchana ni kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtu akitaka kutazama kitu kilicho kidogo kupita wimbi, nuru inakipita pasipo kukitambua, kama vile wimbi la ziwa Tanganyika linavyopita kijiti kilichosimama majini. Nyuma ya kijiti maji ni sawa kama mbele, lakini nyuma ya mtumbwi mkubwa maji yanatulia. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwa hesabu kwamba mikroskopi ya vioo, hata ikitengenezwa vizuri namna gani, haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kupita kama nusu ya wimbi. Na atomu, yaani tofali la kweli la jiwe, ni ndogo kuliko wimbi la nuru mara elfu na zaidi. Hapo mlango ulifungwa.

Ulifunguliwa na vitu viwili. Mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson alipata elektroni, kitu kidogo sana chenye umeme kilichomo katika kila atomu. Kisha mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie aliandika kwamba elektroni inapokimbia nayo huenda kama wimbi, na kadiri inavyokimbia, wimbi lake hufupika. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100.000 ina wimbi fupi kuliko wimbi la nuru mara 100.000 na zaidi. Kioo hakiwezi kuzikusanya elektroni, lakini sumaku yaweza: mwaka 1926 Hans Busch alionyesha kwamba waya uliozungushwa na kupitishwa umeme hukusanya elektroni kama lensi inavyokusanya nuru ya jua juu ya karatasi. Basi mwaka 1931 vijana wawili wa Berlin, Ernst Ruska na mkubwa wake Max Knoll, waliunda mashini ya kwanza. Ilikuza kitu kama mara 16 tu. Mtu angaliweza kucheka, maana kioo cha mkono kinafanya karibu hivyo. Lakini mwaka 1933 Ruska alikuwa na nyingine iliyoishinda mikroskopi ya nuru. Nishani ya Nobel alipewa mwaka 1986, miaka 55 baadaye, akiwa mzee. Alikufa mwaka 1988. Ubelgiji nao hawakukaa nyuma: Ladislas Marton, Mhungaria aliyefanya kazi katika Universite ya Bruxelles, aliunda mikroskopi yake ya elektroni, na mwaka 1934 akatoa foto ya jani la mmea mmoja mdogo unaonasa wadudu.

Hapa nasimama kidogo, kwa ajili ya wakatekumeni. Wengine wakisikia habari za atomu na elektroni wanasema: basi hizo ndizo zisizoonekana tunazozitaja katika Nasadiki. Hapana. Atomu haionekani kwa kuwa ni ndogo. Ukipata mashini ya kufaa itaonekana. Malaika si kitu kidogo. Hata ukikuza mara milioni kumi hutamwona, kwa sababu hana mwili wa kukuzwa. Mwenye kuchanganya hayo mawili ataona imani yake inapungua kila mara mafundi wanapotengeneza lensi mpya, na hilo litakuwa kosa la mafundisho yetu, si la lensi.

Tuendelee. Kuona umbo si kujua kitu ni nini. Ukiona chembe mbili nyeusi katika foto, utajuaje hii ni kobalti na ile ni manganezi? Hapo ndipo kemia inapoingia, na hapo pana kijana mmoja ninayempenda kuliko wote katika habari hii, Henry Moseley, Mwingereza.

Mwaka 1913 Moseley alichukua metali moja moja, akaipiga kwa elektroni ndani ya chupa isiyo na hewa. Metali ikipigwa hivyo hutoa miali ya X, ile ile ambayo Röntgen aliipata mwaka 1895 na ambayo waganga wanaitumia kutazama mifupa yetu. Sababu ni hii: elektroni inayokuja kwa nguvu inafukuza elektroni moja ya ndani kabisa ya atomu, nafasi ikibaki wazi, elektroni ya juu inaanguka ndani yake, na katika kuanguka inatoa mwali mmoja. Kipimo cha mwali huo si cha bahati. Kila elementi ina wake. Katika misioni yetu mtu akiwa shambani akasikia kengele, anajua kama ni ya parokia au ya shule, hana haja ya kuiona. Vivyo hivyo chuma kina sauti yake, shaba yake, na sauti hizo zinapanda daraja moja moja kadiri ya namba ya elementi, pasipo kuruka.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu. Kabla ya Moseley, watu walipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomu zake. Kobalti ina uzito wa 58,93 na nikeli 58,69. Kwa uzito ingalifaa nikeli itangulie. Lakini kwa tabia zao ilionekana kobalti ndiyo ya kutangulia, na watu hawakujua waamini kipi. Moseley alizipiga zote mbili akasikiliza. Kobalti ikajibu: mimi ni wa 27. Nikeli: mimi ni wa 28. Shauri likaisha. Vita vilipokuja mwaka 1914 aliingia jeshini kwa hiari, na tarehe 10 Agosti 1915 aliuawa huko Gallipoli. Alikuwa na miaka 27.

Miaka mingi ikapita kabla ya mtu kuunganisha kazi ya Moseley na kazi ya Ruska. Aliyefanya hivyo ni Mfaransa Raimond Castaing, chini ya mwalimu wake André Guinier. Katika tezi aliyotoa Paris mwaka 1951 alieleza mashini inayokusanya elektroni mpaka ziwe kama ncha ya sindano, upana wake kama sehemu moja ya elfu ya milimita, na kuichoma ncha hiyo juu ya jiwe au metali iliyong'arishwa. Pale inapochoma, palepale tu, miali ya X inatoka. Kandoni kuna kristali inayopokea miali na kuirudisha, kila mwali kwa pembe yake. Fundi anapima pembe na kutambua elementi. Kanuni ya pembe hizo ilitolewa na Bragg baba na Bragg mwana mwaka 1913. Mnaona namna Stensen anavyorudi: kristali aliyopima pembe zake sasa yenyewe ndiyo inayopima.

Labda mtu atasema: hata kabla ya hapo watu wa kemia walijua kiasi cha kobalti katika jiwe, walilisaga, wakaliyeyusha katika asidi, wakapima. Kweli. Lakini angalieni tofauti. Baada ya misa tunahesabu kapu la sadaka, tunajua jumla ya faranga. Hatujui nani ametoa nini. Asidi ni kapu. Inasema: katika kilo hii mna kobalti kadha na shaba kadha. Haisemi kama shaba imekaa katika chembe zake za malakiti peke yake, kando ya zile nyeusi, au kama imeingia ndani ya chembe nyeusi zenyewe. Na hilo ni jambo kubwa. Shaba iliyokaa kando, mikono ya mama anayechagua mawe mtoni yaweza kuiondoa. Shaba iliyoingia ndani ya eterojeniti yenyewe, na katika mawe yetu mara nyingi imeingia, hakuna mkono wala maji yatakayoitoa. Ni lazima kiwanda na asidi. Mashini ya Castaing inatembea juu ya jiwe hatua kwa hatua, inachora ramani: hapa kobalti, hapa shaba, hapa chuma. Siku hizi ramani hizo zinatoka kwa rangi, na ni nzuri kama madirisha ya kanisa kuu. Ndivyo mafundi wanavyojua pia kama urani imejificha ndani ya jiwe, maana kuna mawe meusi ya Katanga yenye urani, na jicho halisemi lolote.

Haya yote ningaliyaacha katika vitabu, isipokuwa baba mmoja wa parokia yetu alinijia siku ya Dominika baada ya misa, akaniita pembeni chini ya mwembe. Ni mchimbaji, mtu mzima kuliko mimi, kiongozi wa jumuiya yake. Akatoa jiwe jeusi mfukoni.

"Mwalimu," akasema, "nina swali, lakini si la katekisimu."

"Sema, papa."

"Mfuko wa mawe haya, juzi tumeupeleka depo. Mnunuzi ameweka ile mashini yake ndogo ya mkono, kama bunduki fupi. Imesema mbili kwa mia. Tumeukataa ulipaji, tumepeleka mfuko ule ule depo ya pili. Imesema tatu na nusu. Mfuko mmoja, mwalimu! Wenzangu wanasema ni uchawi wa wanunuzi. Wewe umesoma seminari. Ni uchawi?"

Nikamwambia si uchawi. Lakini nikamwomba anipe muda wa kumweleza vizuri, tukaketi mpaka jua likawa kali. Yale niliyomwambia nayaandika tena hapa, kwa kuwa wenye mifuko ni wengi.

Mashini ile ya mkono ni mdogo wake mashini ya Castaing. Haipigi kwa elektroni, kwa sababu elektroni haziendi mbali katika hewa. Inapiga kwa miali ya X, na jiwe linajibu kwa miali ya X, sauti zile zile za Moseley. Ina sikio la silisi badala ya kristali na pembe. Sikio hilo ni la haraka, lakini si kali kama kristali. Na hapa pana mtego. Chuma kina sauti mbili, moja kubwa na moja ndogo. Kwa kipimo cha wataalamu, ile kubwa ni 6,40, na ile ndogo ni 7,06. Sauti kubwa ya kobalti ni 6,93. Mnaona zilivyokaribiana: 6,93 na 7,06. Udongo wetu ni mwekundu, maana yake umejaa chuma. Mashini isiyopangwa vema kwa mawe ya kwetu yaweza kusikia chuma ikasema kobalti, au ikiondoa sauti ya chuma kwa hesabu, ikaondoa kupita kiasi na kobalti ikapungua. Mtu mwaminifu huipima kwanza mashini yake kwa unga ambao kiasi chake cha kobalti kinajulikana hakika. Mtu asiye mwaminifu anajua pia namna ya kuipanga, kwa faida yake.

Tena, mwali wa kobalti hautoki mbali ndani ya jiwe. Mashini inasoma ngozi ya juu tu, isiyofika hata milimita moja. Ukiiweka juu ya jiwe lenye udongo, imesoma udongo. Ukiiweka juu ya jiwe zuri lililokaa juu ya mfuko, imesoma jiwe lile, haijasoma mfuko. Na maji yanapunguza: jiwe lenye maji linaonyesha teneri ndogo kuliko likiwa kavu. Mnunuzi naye atasema maji yanaongeza uzito asioutaka kulipia, na katika hilo ana haki. Ndiyo sababu namba mbili zilizo mbali namna ile zaweza kutoka katika mfuko mmoja pasipo mtu yeyote kusema uongo. Zaweza pia kutoka kwa uongo. Baba yule aliniuliza nimwambie ni lipi kati ya hayo mawili. Sikuwa pale depo, sikumhukumu mtu.

Nilimfundisha kazi ambayo kila fundi wa maabara anaifanya kabla ya kupima, hata mwenye mashini ya bei kubwa. Mawe yakaushwe juani. Yapondwe, si machache ya kuchagua, bali kutoka juu, katikati na chini ya mfuko. Unga umwagwe uwe kama kichuguu, utandazwe, ugawanywe kwa msalaba sehemu nne. Chukua sehemu mbili zinazotazamana, changanya, fanya kichuguu tena, gawa tena, mpaka ubaki mkono mmoja. Unga huo ndio mfuko wote kwa udogo. Basi upimwe mara tatu, si mara moja, mbele ya macho ya wenye mali, na namba ziandikwe. Mwenye kukataa kupima mara tatu aseme sababu. Nabii Amosi alikwisha kuwakemea wafanya biashara wenye mizani ya uongo, na mashini hii ni mizani kama mizani nyingine. Haikuwa takatifu kwa sababu inatumia umeme.

Baba akafikiri, akaniuliza jambo la mwisho. Mawe haya yakishavuka bahari, wanayafanyia nini hata wayatake hivi? Swali hilo ni la haki kabisa. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na wengi wetu tunajua tu kwamba inaingia katika simu.

Jibu lake liko katika foto moja. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba kitu kigumu cha liti, kobalti na oksijeni kinafaa kwa betri. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za namna hiyo, na Goodenough alipewa nishani ya Nobel mwaka 2019, mwenye miaka 97. Watu walijua kwa hesabu na kwa miali ya X kwamba kitu hicho kimepangwa kama kurasa za kitabu: kila ukurasa ni kobalti katikati na oksijeni pande mbili, na kati ya kurasa hukaa liti. Unapotia moto simu, liti zinatoka kati ya kurasa na kwenda upande wa pili wa betri, unapoitumia zinarudi. Lakini hakuna aliyekuwa ameziona. Liti ni elementi ya 3, nyepesi mno. Elektroni zinaipita kama kwamba haipo, na sauti yake ya X ni dhaifu hata masikio ya kawaida ya mashini hayaisikii. Mwaka 2003 Yang Shao-Horn na wenzake, pamoja nao Wafaransa Laurence Croguennec na Claude Delmas, walitoa foto zilizofanywa kwa mikroskopi ya elektroni ya Berkeley, Marekani. Walitumia kipande chembamba sana. Vipande vya namna hiyo, ukivipanga elfu moja, pengine havipiti unene wa karatasi hii mnayoshika. Waliunganisha foto nyingi kwa hesabu mpaka ikatoka moja, na humo mistari inaonekana: kobalti, oksijeni, na katikati, hafifu lakini hakika, liti.

Nimeitazama foto hiyo kwa muda mrefu. Ni madoa tu, yaliyopangwa sawasawa, kijana asiyeelezwa angeipita upesi. Padri Haüy angalitambua ukuta wake mara moja. Tena eterojeniti yetu, lile jiwe jeusi la mfukoni mwa baba yule, nayo ina kurasa za kobalti na oksijeni zinazofanana sana na hizo. Kati ya kurasa zake, mahali pa liti, imekaa hidrojeni. Nilipomwambia hayo aligeuza jiwe lake mkononi pande zote, akalirudisha mfukoni, wala hakulitupa kama alivyozoea kufanya na vipande vidogo.

Tangu majira ya kiangazi kikundi chake kinakausha, kinaponda na kugawa kwa msalaba. Mke wake ndiye mwandishi. Ana daftari ya shule, safu tatu kwa kila mfuko. Mnunuzi mmoja alikataa kupima mara ya pili, wakafunga mifuko yao wakaenda kwa mwingine, mwendo wa saa moja na nusu kwa baisikeli.